Mshipa wa mjomba

Tanga, 14 Juni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na mjomba karudi nyumbani. Umeuliza kwa nini hakupasuliwa, ilhali jirani yenu kwa ugonjwa uleule wa kuchanika mshipa mkubwa aliingizwa tiata usiku huohuo. Hata mimi nilimuuliza daktari, tena kwa hasira.

Umewahi kuvaa koti lililochanika bitana? Unaingiza mkono, badala ya kutokeza nje unapotelea kati ya bitana na kitambaa. Aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ukuta wake una matabaka matatu. La ndani likichanika, damu inajipenyeza katikati na kulibandua zaidi kila moyo unapopiga. Jirani yenu alichanikia pale unapoanzia. Hapo ni kisu, tena upesi, kwani damu ikivujia kwenye mfuko wa moyo itaubana usipige. Mjomba kachanikia unaposhukia mgongoni. Maadamu haujapasuka, na figo, utumbo na miguu vinapata damu, wanaanza na dawa.

Ila nusura tumzike, Zuhura. Kwanza madaktari walisema vidonda vya tumbo, wakampa ile dawa nyeupe ya maji. Kisha wakasema moyo, wakawa wanaandaa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda! Kwa mshipa uliochanika, hiyo ingeweza kummaliza. Aliyetuokoa ni binti mmoja aliye kwenye mafunzo. Alimsikia mjomba akisema maumivu yalimjia ghafla, kama kapigwa panga kati ya mabega. Akampima presha mkono wa kulia, 210. Akahamishia wa kushoto, 160. Akarudia mikono yote miwili kimya kimya, kisha akatoka mbio kumwita mkubwa wake. Picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa ikamaliza ubishi.

Wakamtuliza maumivu, wakampunguza mapigo ya moyo yawe chini ya 60 kwa dakika, na presha ya juu wakaishikilia kati ya 100 na 120. Nilikaa nikiitazama ile mashine mpaka macho yakauma.

Sasa vidonge ni vya maisha, na picha atarudia. Kakatazwa kunyanyua vizito, hata chooni asijikamue. Jana nimemkuta kisimani na ndoo. Nilipompokonya akaniambia, "Mwanangu, mbona ni nusu tu?"

Msalimie mama.

Wako,
Mwanajuma