Alama moja imewaacha wazee nje ya listi

Mhariri, salaam. Naomba nafasi gazetini nilisemee hili la kusachi majina kwenye kompyuta za maofisini, manake hapa Tanga linaumiza watu na wenyewe hawajui kinachowaumiza ni nini.

Kuna ofisi moja mjini imetoa listi ya wazee wanaosubiri matibabu, karani kaandika umri>60 kwenye kisanduku cha kutafutia, akaprinti, ikabandikwa ukutani. Sasa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema mzee ni kuanzia miaka 60, na ile > (yaani zaidi ya) ikiwa peke yake haihesabu 60 yenyewe, inaanzia 61, kwa hiyo wote waliotimiza 60 juzijuzi wametoka kapa kwa kukosa alama ya = tu. Ilitakiwa umri>=60, basi.

Kibaya zaidi listi hiyohiyo ina watoto wa miaka 7 na 8, halafu bibi yetu wa Makorora aliyefika miaka 100 hayumo! Watu wanasema wamechakachua, mi nasema hapana, kolamu ya umri imewekwa kama maandishi badala ya namba, na kompyuta ikikuta maandishi inalinganisha tarakimu ya mwanzo kwanza kama kamusi inavyopanga maneno, 7 inaizidi 6 mtoto anapita, 100 inaanza na 1 bibi anabaki chini. Ndo maana hata mitaa ya Ngamiani kwenye sistimu kama hizo barabara ya 10 inakaa kabla ya barabara ya 2.

Wanaotafuta kwa tarehe ya kuzaliwa nao waangalie, pale alama inageuka, aliyezaliwa zamani ndo mwenye tarehe ndogo, kwa hiyo ni <= siyo >=, na tarehe ianze na mwaka, 1958-03-21, hapo hata ikiwa maandishi inajipanga sawa.

Na mazoea ya huku msipeleke kule, kila sistimu ina alama zake. GitHub, mtandao wa kuhifadhia kodi za programu, inakubali >=, Gmail ukitaka meseji nzito unaandika larger:10M, Google iliwahi kuelekeza namba za kati uweke nukta mbili, 100..200.

Ninachoomba, mafundi waweke umri uwe namba, na chini ya kisanduku waandike kwa Kiswahili kama namba ya mpaka imo au haimo. Na ile listi ibanduliwe itolewe upya wiki hii, wazee wanasubiri matibabu.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga