Ng'ombe wakifa huku wanalipwa kweli, ila subiri nikueleze

Kaka Lemayan,

Mambo vipi, na mama mkubwa anaendeleaje na mguu? Uliniuliza eti ni kweli huku Texas ng'ombe wakifa serikali inalipa au ni stori za vijiweni. Ni kweli bwana, wanalipa, ila wewe ukisikia kulipwa najua unadhani kuna mtu anapita na fuko la hela.

Huku kaskazini mwa jimbo, wanapaita Panhandle, tarehe 26 Februari 2024 nguzo ya umeme ilianguka kwenye nyasi kavu kaunti ya Hutchinson, upepo ulikuwa mkali balaa, moto ukakimbia mashariki mpaka kaunti ya Hemphill na kuvuka kuingia Oklahoma, zaidi ya ekari milioni moja zikateketea, haijawahi kutokea moto mkubwa hivyo Texas. Watu wawili walikufa. Ng'ombe ni maelfu, na wengine hawakufa siku ile, walibaki wameungua kwato na chuchu, ikabidi wapigwe risasi mmoja mmoja. Kazi hiyo nilimsaidia mzee ninayemfanyia kazi na sitaki kuiongelea zaidi.

Sasa malipo. Kaunti za wakulima zina ofisi ya wizara ya kilimo, FSA wanaiita. Kuna mpango wa mifugo iliyokufa, wanalipa asilimia 75 ya bei ya soko, na bei wanaipanga wao kwa aina na uzito, sio ile uliyoiota wewe. Halafu lazima uthibitishe vitu viwili, kwamba ng'ombe kafa na kwamba alikuwepo. Hapo kwenye alikuwepo ndo watu walitoka jasho. Mzee alipiga picha kila mzoga na hereni yake ya namba sikioni kabla shimo halijafukiwa, akaleta risiti za kununulia, karatasi za daktari wa mifugo, mpaka za mkopo maana benki walishamhesabia ng'ombe zamani. Jirani yake, wa aina ya baba yako, anawajua wote kwa rangi na haandiki popote, alihangaika kutafuta watu wa kumshuhudia.

Na moto wenyewe ulikuja msimu wa kuzaa. Ng'ombe mwenye mimba ya miezi minane akifa alihesabiwa mmoja tu. Wafugaji wakapiga kelele mpaka Washington, na mwaka 2025 sheria ikabadilishwa, ndama wa tumboni naye analipiwa, tena inarudi nyuma mpaka Januari 2024. Hapo nikasema hawa jamaa wanajua kudai.

Seng'enge sasa, weee. Ni mpango mwingine, serikali kwa kawaida inachangia hadi asilimia 75 ya kujenga upya, ila kawaida waje kwanza wakague, wakubali, ndo uchimbie nguzo, na hela nyingi inakuja kazi ikishaisha. Yaani ng'ombe waliopona wanazurura barabarani wewe unasubiri saini! Mwenye akiba alijenga, asiye na akiba ndo huyo anauza hata wale waliobaki, na mimi naona huo ndo ubovu mkubwa wa huu mpango. Wiki zile za mwanzo kilichookoa mifugo ni malori ya robota za nyasi kutoka majimbo mengine, watu wa kawaida tu wamejitolea, ofisi ilikuwa bado inagawa fomu.

Sasa wewe na wenzako mnagombana na serikali kuhusu hereni za ng'ombe. Sawa, bei na usumbufu nakubali, lakini ule ukame uliotumalizia ng'ombe huko kwetu Longido, angekuja mtu akakuambia thibitisha ulikuwa na wangapi, ungemwonyesha nini? Piga picha ng'ombe zako wote, hata kwa simu ya mtoto, mmoja mmoja, na tarehe ionekane, afu unitumie nami nikutunzie. Wa shemeji pia, usiwaruke.

Wako,
Baraka