Tramu ya Ubungo iishie Kariakoo, si Kamata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ambayo huibuka kila foleni za Dar es Salaam zinapokaza, kwamba njia ya treni ya Ubungo, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi ilipoanza, igeuzwe kuwa njia ya tramu, yaani treni nyepesi ya mjini. Ninaiunga mkono, ila si kwa sababu zinazotolewa mara nyingi.

Wanaoipigia debe husema tramu ni ya kisasa, kana kwamba usasa peke yake humfikisha mtu kazini. Treni hiyo ilipoanza Oktoba 2012 haikuwa na usasa wowote, na bado watu waliijaza. Dosari yake kubwa, kwa maoni yangu mimi mkazi wa Tabata, ni pale inapomwacha abiria. Mama anayetoka Mabibo kufuata bidhaa Kariakoo hushuka kituo cha Kamata, akaruka kokoto na mataruma, kisha akamalizia safari kwa miguu au kwa bajaji. Akirudi, njia ni hiyo hiyo, na furushi liko kichwani.

Hapo ndipo tramu inapoweza kutufaa, kwa kuwa ni nyepesi, hushika mwendo na kusimama upesi, hukata kona kali, na inaweza kuiacha njia ya treni ikaingia mtaani pamoja na magari. Manchester, Uingereza, walifanya hivyo mwaka 1992. Treni za mji jirani wa Bury ziliishia stesheni ya Victoria, za mji wa Altrincham zilipitia Piccadilly upande wa pili wa jiji, na mpango wa kuziunganisha stesheni hizo kwa handaki ulikuwa umekwama miaka ya 1970 kwa kukosa fedha. Tramu zilichukua njia zote mbili, zikapita juu, barabarani, na kuziunganisha. Wangebadilisha mabehewa tu, abiria wa Bury angeendelea kushuka pale pale alipokuwa akishuka.

Wapo wanaodai kwamba reli yetu ya zamani ni nyembamba mno kwa kazi hiyo. Upana wake ni mita moja, sawasawa na reli za tramu za Zürich na Basel kule Uswisi, kwa hiyo kikwazo si hicho. Wapo pia wanaouliza tramu ya nini ilhali mabasi ya mwendokasi yapo tangu 2016. Nawakumbusha tu kwamba mabasi hayo hupita Barabara ya Morogoro, nasi wa Tabata hatuishi huko.

Kinachonitia wasiwasi ni mambo mawili. La kwanza ni mizigo: tramu na treni nzito ya shehena itokayo bandarini haziwezi kuchangia njia moja kiholela, hivyo pale ambapo tawi la Ubungo linatumia reli kuu ni lazima ijengwe njia ya pembeni, na gharama yake itajwe mapema. La pili ni vipuri. Addis Ababa walizindua tramu zao Septemba 2015, njia mbili zenye jumla ya kilomita zipatazo 34, kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa China, na nauli ikawekwa chini sana ili wanyonge wamudu. Baada ya miaka michache nyingi kati ya tramu zao 41 zilikuwa zimeegeshwa, kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni za kuvinunulia.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kabla hata taruma moja halijang'olewa, tuonyeshwe ramani ya mitaa ambayo tramu itapita baada ya Kamata hadi ifike sokoni, na tuelezwe fungu la vipuri vya miaka kumi ya mwanzo litatoka wapi. Kama ramani hiyo itaishia Kamata, afadhali tuongezewe mabehewa na safari za mchana kwenye treni tuliyonayo.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam