Makumbusho Makubwa, Miguu Midogo

Jumatatu ni siku ya simu ofisini kwetu. Familia zilizosafiri mwisho wa juma zimesharudi nyumbani, na wengi hupiga kushukuru tu. Lakini kuna lalamiko moja ambalo kila msimu wa likizo halikosi, na huja kwa maneno yale yale: "Hoteli ilikuwa nzuri, safari nzuri, ila ile siku ya makumbusho ilituvurugia kila kitu." Ukidadisi kidogo unapata kisa kizima. Waliingia asubuhi mlango ulipofunguliwa. Kufika saa saba mchana, mtoto mdogo amelala chali sakafuni anagoma kutembea, mkubwa amezama kwenye simu, baba na mama hawasemezani. Na bado kuna ghorofa mbili hazijaguswa.

Kazi yetu ni kupanga safari fupi za familia, za siku mbili hadi nne. Kwa tuliyoyaona, kosa si la watoto wala la makumbusho. Mtu ameshakata tiketi, ametoka mbali, basi anaona kuacha chumba hata kimoja ni hasara. Hebu tupige hesabu. Louvre ya Paris huonyesha vitu 35,000 hivi. Ukikipa kila kimoja sekunde kumi tu, bila kula, bila kulala, bila kwenda msalani, utamaliza baada ya siku nne, usiku na mchana. Safari yenyewe ni ya siku tatu!

Uchovu huu si uvivu, wala si wa leo. Mwaka 1916, Benjamin Ives Gilman wa Museum of Fine Arts ya Boston aliandika makala kuuhusu, na akaweka picha za mtu akiinama, akichuchumaa na kupinda shingo ili aone vitu vilivyopangwa vibaya na kusoma maelezo yake. Tangu hapo upangaji umeboreka sana, lakini mwili ni ule ule. Kutembea hatua tatu, kusimama, hatua mbili, kusimama tena, juu ya sakafu ngumu, kunachosha kuliko kutembea mfululizo. Ongeza na kichwa, maana kila kitu kinakuuliza: unisome au unipite? Mtoto wa miaka sita hana jibu la maswali 200 ya namna hiyo.

Kwa hiyo tunawaomba wateja wetu jambo ambalo wengi hulipokea kwa mashaka. Kila mtoto achague vitu vitatu kabla ya safari, mkiwa bado nyumbani, kwa kuangalia tovuti ya makumbusho yenyewe. Mkishaviona, mmemaliza. Mkiona zaidi, hiyo ni nyongeza.

Siri iko kwenye hadithi mtakayoisimulia kabla ya kuondoka. Mtoto anayepelekwa mbele ya mchoro wa Mona Lisa pale Louvre bila maandalizi huona picha ndogo, sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo na nyuma ya vichwa vya watu. Lakini mwambie kwanza kwamba mwaka 1911 iliibwa na Vincenzo Peruggia, fundi aliyewahi kufanya kazi humo humo ndani, akaificha chumbani kwake zaidi ya miaka miwili, na kwamba watu walipanga foleni kwenda kutazama ukuta mtupu ilipokuwa imetundikwa. Sasa mtoto anatazama kama mpelelezi. Jiwe la Rosetta lililoko British Museum ni vivyo hivyo: kwa anayepita ni jiwe jeusi lenye mikwaruzo. Mpe mtoto kazi ya kutafuta duara refu lililozungushiwa alama fulani za hieroglifi, yaani maandishi ya picha ya Misri ya kale. Hilo ni jina la mfalme Ptolemy, na ni moja ya funguo zilizomwezesha Mfaransa Champollion kutangaza mwaka 1822 kwamba maandishi hayo yanasomeka. Atalitafuta jina hilo hadi alipate, na hapo hataki kuondoka.

Vitu vingine havihitaji hadithi. Kwenye Natural History Museum ya London, mifupa ya nyangumi wa buluu yenye urefu wa mita 25 imening'inia darini tangu 2017, kana kwamba inapiga mbizi kukujia. Hapo kaa kimya, mwache mtoto akodoe macho.

Mfukoni weka penseli na kijidaftari. Mwaka 2015 Rijksmuseum ya Amsterdam iliwahimiza wageni waweke kamera pembeni na wachore wanachokiona, na sisi tuliiga ushauri huo bila aibu. Anayechora hukaa dakika kumi mahali ambapo mpiga picha hukaa sekunde tano. Iwe penseli lakini, kwani kalamu ya wino hukatazwa sehemu nyingi. Na sweta msisahau. Vyumba vingi hupozwa kwa ajili ya vitu, si kwa ajili yenu, na vile vya karatasi na nguo za kale huwa na mwanga hafifu, mara nyingi luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa sababu mwanga hufifisha rangi na rangi ikishafifia hairudi. Mweleze mtoto hivyo akilalamika kuna giza.

Sasa ratiba, ambayo ndiyo kazi tunayolipwa kuifanya. Siku ya kufika hatuweki makumbusho kabisa. Tunaiweka asubuhi ya pili, watu wamelala vizuri, kisha mchana ni wa uwanja wazi ambako watoto watakimbia. Moja kwa siku, basi. Tunakiri kwamba zamani tuliweka mbili, tukidhani mteja ataona amepata faida. Zile simu za Jumatatu ndizo zilizotufunza. Siku za kufungwa nazo zina mitego yake kwenye safari fupi. Musée d'Orsay hufungwa Jumatatu, Louvre hufungwa Jumanne. Familia ya siku mbili Paris ikianza na Orsay Jumatatu na kuacha Louvre kwa kesho yake, itagonga milango miwili iliyofungwa. Geuza mpangilio, yote mawili yanawezekana. Kwa wenye vijana wanaoamka saa tano, tunatafuta jioni ambazo makumbusho huchelewa kufunga, kwa mfano Jumatano na Ijumaa pale Louvre.

Siku ya kuondoka, angalieni masanduku. Sehemu nyingi hazipokei mizigo mikubwa hata kwenye chumba cha kuhifadhia, na baadhi hazikubali mtoto abebwe mgongoni kwa fremu, ingawa vigari vya watoto vinaruhusiwa.

Pale mnapoweza kuchagua, sisi tunapenda zaidi makumbusho yasiyotoza kiingilio, kama British Museum au yale ya Smithsonian mjini Washington. Si kwa sababu ya kubana matumizi tu. Mahali pasipo na tiketi, dakika 40 zinatosha, mnatoka bila kinyongo, na kesho mnarudi kwa dakika 40 nyingine. Tumeona watoto wakiomba wenyewe kurudi, jambo ambalo baada ya saa nne za mfululizo halijawahi kutokea mbele yetu.

Ukitupigia kupanga safari, tutakuuliza umri wa watoto kabla hatujauliza bajeti. Tutauliza nani bado analala mchana, nani anaogopa giza, na kama bibi au babu wamo safarini, kwani hapo tunaulizia mapema lifti zilipo, viti vya magurudumu, na vyumba gani vina benchi. Ile orodha ya vitu vitatu waandike watoto wenyewe. Hati mbaya tumeshaizoea.