Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Futi Kamba Kwanza, Msasa Baadaye

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kukarabati malori ya zamani ya kijeshi,

Habari za tangu tulipoachana. Mambo ya fedha mhazini atayasoma mwenyewe. Hesabu zimekaguliwa, nami sina la kuongeza ila kwamba ada zinachelewa. Wanaochelewesha tunawajua, na hadi mwezi uliopita mimi nilikuwa mmoja wao. Nafasi yangu nataka niitumie kwa jambo moja lililotuumiza mwaka huu kuliko kutu: kukimbilia kukarabati lori ambalo hatujalitambua.

Mnalikumbuka lile GMC, lori la jeshi la Marekani la wakati wa Vita Kuu ya Pili, lililoletwa likivutwa kwa mnyororo, kabini imejaa majani makavu na viota vya panya. Aliyetuuzia alisema ni la modeli ya CCKW, toleo la 353, na kibati cha kwenye dashibodi kilisema hivyo hivyo. Basi kamati, nami nikiwa mbele, ikaagiza shafti za magurudumu ya nyuma na gasketi za difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Zilipofika hazikuingia. Tulizigeuza, tukazipima kwa macho, tukamlaumu mwenye duka. Ndipo kijana wetu mmoja, mgeni kabisa chamani, akalala chini ya lori na tochi. Alitoka ana grisi hadi masikioni, akasema: "Mwenyekiti, hili difu limeungwa katikati."

Alikuwa sahihi. CCKW zilitoka na ekseli za aina mbili. Moja ni ya Timken: nyumba ya difu ina vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa bolti, na mshono wake unaonekana wima kama upindo wa nguo. Ya pili mafundi huiita banjo, maana nyumba yake ni kipande kimoja chenye duara katikati, kama ala hiyo ya muziki. Ukiwa na moja, spea za nyingine zitakufaa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Sisi tulikuwa na Timken, tukaagiza za banjo.

Tukatoa futi kamba, kazi ambayo tungeifanya siku ya kwanza. Kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya zile ekseli mbili za nyuma tulipata inchi 145. Lori la 353 lina inchi 164. Letu ni 352, yaani lile fupi, na kibati ni cha lori jingine. Wala si ajabu. CCKW zaidi ya 500,000 ziliundwa wakati wa vita, na vita vilipokwisha majeshi mengine, likiwemo la Ufaransa, yaliendelea kuzitumia miaka mingi, yakizifungua na kuzifunga upya. Injini ikatoka huku, kabini kule, na kibati kikapigiliwa popote palipokuwa na matundu yanayolingana.

Ikabaki rangi. Hapa nawashukuru akina mama wawili wa kamati ya kumbukumbu waliokataa katakata boneti kupelekwa kupigwa mchanga, yaani kukwanguliwa rangi yote kwa mchanga unaorushwa na upepo wa kompresa. Mimi nilikuwa upande wa mchanga, nakiri. Walikaa siku tatu wakisugua kwa msasa laini na maji, sehemu ya ukubwa wa kiganja kwa wakati mmoja. Ilitoka rangi ya kijivu ya siku za uraiani, kisha kijani cha aina mbili, kisha alama nyeupe. Tarakimu ya kwanza kusomeka ilikuwa 4, ubavuni mwa boneti. Malori ya tani 2.5 ya jeshi la Marekani, kama CCKW, yalipewa namba zinazoanza na 4, kwa hiyo tulishangilia. Tarakimu nyingine zimetoka nusunusu na kazi inaendelea. Ni namba ya lori letu, ikiwa boneti ni ya lori letu. Siapi.

Lori letu jingine, lililoundwa Kanada kwa ajili ya vita hivyo hivyo, halikupata bahati hiyo. Mwenzetu mmoja, simtaji, yupo hapa na ameshaanza kucheka, aliipeleka fremu ikapigwa mchanga kabla hatujanakili chochote. Ilirudi inang'aa kama kijiko. Namba iliyokuwa imeshaliwa na kutu iliondoka pamoja na kutu yake. Kabini tunaijua: ni ile wanayoiita namba 13, ambayo kioo cha mbele kimeinamia mbele kwa juu, kikitazama ardhini ili jua lisimulike juu yake na ndege za adui zikaona. Lakini Kanada iliunda malori ya jamii hii zaidi ya 400,000, na Ford na Chevrolet walitumia muundo mmoja wa kabini. Tunaliita Chevrolet kwa sababu lina injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na Ford walifunga V8, yaani silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Mmeshasikia ninavyozionea shaka injini.

Lori hilohilo lilitaka kutuachia msiba. Rimu zake ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati, na nati hizo zina mduara wao, mbali na zile zinazoshika gurudumu kwenye habu, yaani kitovu chake. Zamani jeshini ziliwekewa rangi nyekundu ili asiziguse mtu tairi likiwa na upepo. Rangi ilishafutika. Mtu alikuwa ameshalegeza nati mbili za mduara wa rimu, akidhani ni za habu, ndipo mzee mmoja akapiga kelele. Tairi lilikuwa limejaa upepo; rimu ingemrukia. Tangu siku ile vali inang'olewa kwanza, upepo unaisha wote, ndipo spana inaguswa, na nati za kuunganisha rimu zimerudishiwa wekundu wake. Vumbi la breki pia tusilipulize kwa kompresa. Bitana za breki za zamani zina asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

Kamati inaomba mkutano upitishe hivi: lori lolote litakaloingia lipimwe, lipigwe picha, na namba zake zote zinakiliwe, hata zinazopingana, kabla ya kuagiza spea au kushika msasa. Tutapiga kura baada ya chai.

Na pula kubwa ya beringi, kile kifaa cha kung'olea beringi, haijaonekana karakana tangu tulipofungua ekseli. Aliyenayo airudishe, hata usiku. Mlango wa nyuma haufungwi.