Abiria, mwacheni rubani akague ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaosafiri kwa ndege ndogo za injini moja. Mimi ni fundi wa ndege hizo, na kinachoniuma ni abiria kumkuta rubani akiizunguka ndege kabla ya kuruka, akaanza kumhimiza: "Kapteni, tunachelewa!" Mwingine humwita pembeni kuulizia mizigo. Rubani huacha kazi, hujibu, kisha huendelea pale anapodhani aliishia. Hapo ndipo kifuniko cha tangi husahaulika.

Kifuniko kilicholegea si jambo dogo. Kwa kawaida matangi yamo ndani ya mabawa, na vifuniko viko juu. Ndege ikishapaa, mgandamizo wa hewa juu ya bawa hupungua na mafuta hufyonzwa nje. Geji nazo si za kuaminiwa peke yake. Ndiyo maana rubani huchungulia tangini au hupima kwa kijiti.

Kuna na maji. Ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hutuama chini ya tangi, hasa baada ya mvua. Rubani hukinga mafuta kidogo kwa kikombe kinachoonyesha ndani, chini ya bawa, atafute mstari: maji chini, mafuta juu. Mimi kikombe kisicho na mstari ndicho kinachonitisha zaidi, maana huenda chote ni maji. Mafuta ya 100LL, petroli ya ndege ndogo kama hizi, hutiwa rangi ya buluu, basi nakiinua kwenye mwanga, natazama rangi, nanusa. Nimewahi kumwona rubani kijana akiridhika na kikombe cheupe pe. Tulikinga tena na tena mpaka buluu ikatokea. Mwenye kuharakishwa hayaoni hayo.

Uzoefu pekee haumkingi mtu. Tarehe 30 Oktoba 1935, Wright Field, Ohio, Marekani, ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilipaa ikinyanyua pua kupita kiasi, ikaanguka. Marubani wawili waliobobea walipoteza maisha. Kufuli linalozuia usukani wa mkiani usipigwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa halikuwa limefunguliwa. Baada ya ajali hiyo marubani wa jeshi wakaandaliwa orodha ya ukaguzi ya kusomwa kila safari. Ile ilikuwa ndege kubwa ya kivita, lakini kwenye ndege ndogo nyingi kazi hiyo hiyo hufanywa na pini moja tu inayochomekwa kwenye usukani ulio mbele ya rubani.

Marubani wenzangu kazini, mkikatizwa, rudini mwanzo wa orodha hata kama mlibakiza hatua moja. Nanyi abiria, maswali yasubiri. Isipokuwa moja: mkiona utepe mwekundu bado unaning'inia nje ya ndege wakati rubani ameshaketi, mwambieni kabla hajawasha injini. Utepe huo hufungwa kwenye vitu vinavyotakiwa kuondolewa kabla ya kuruka.

Fundi wa ndege ndogo