Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: kukatika si kuoza

Mheshimiwa Waziri,

YAH: NENO "INAOZA" KWENYE MIFUKO YA PLASTIKI

Nakuandikia kwa ajili ya neno hilo moja. Mimi na wenzangu huopoa taka mtoni. Mifuko iliyoandikwa "inaoza" tunaitoa kwenye tope ikiwa na vishikio vyake, maandishi yakisomeka. Mingine ukiigusa inapukutika mkononi, na hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Mingi ya hiyo inayopukutika ni polithini ileile ya kawaida, iliyotiwa chumvi za madini kama manganizi au kobalti ili jua na joto viikatekate upesi. Kitu kilichooza kimeliwa na bakteria na kuvu hadi kikaisha. Hapa plastiki ipo yote, ila imekuwa chembe ambazo wavu wetu haunasi. Samaki wanazimeza, na kome anayechuja maji anazikusanya mwilini. Mfuko mzima tungeuokota.

Ipo pia plastiki ya wanga wa mahindi au ya miwa, iitwayo PLA. Hiyo huoza kweli, lakini kwenye mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 58 hivi, na viwango vya kuipima huiruhusu ichukue hadi miezi 6. Mto gani una joto hilo? Tena ni nzito kuliko maji, kwa hiyo inazama na kukaa kwenye tope baridi.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walieleza kuwa mfuko uliouzwa kama unaooza ulikaa baharini miaka 3 na bado ukabeba mzigo wa dukani. Niseme kweli yote: mfuko wao mwingine, uliotengenezwa uoze kwenye mboji, ulitoweka baharini ndani ya miezi 3. Lakini mwenzake aliyefukiwa udongoni alionekana hata baada ya miezi 27. Mahali ndipo panapoamua, na lebo haitaji mahali. Mtu akisoma "inaoza", anautupa mtoni bila wasiwasi.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku plastiki hizi za kukatikakatika kuanzia Julai 2021. Naomba nasi tufanye hivyo. Naomba pia neno "inaoza" lisichapishwe bila kutaja inaoza wapi, kwa muda gani, na kama ilipimwa kwenye maji ya mto.

Mifuko tuliyoiopoa nimeianika na kuihifadhi. Nitaileta ofisini kwako siku utakayonipangia.

Wako mtiifu,
Mkazi wa kando ya mto